Amana Iliyo Kwenye Diski ya Pili

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Faili moja limegoma. Video ya kupamba, ile ya Kikwajuni ya juzi juzi. Inafunguka, inakwenda kidogo, bibi harusi ananyanyua mkono — basi, kaganda hapo hapo, nusu ya uso imekuwa kijivu. Nimefunga, nimefungua. Vile vile. Nimeizima kompyuta, nimeiwasha. Vile vile!

Sijashtuka sana. Mvua hizi za vuli zimetukatia umeme jana tangu asubuhi, unakuja unaondoka, labda ndo hiyo. Diski ya kwanza, yenye programu, haina neno. Ni hii ya pili, ninayowekea kazi zote za harusi tangu nilipoanza, na haijapata kunisumbua hata siku moja.

Mama kapita na chetezo chake cha udi, kauliza mbona nagombana na kompyuta. Nimemwambia sigombani nayo, inagombana nami.

Jumanne, 5 Novemba 2024

Si moja tena. Picha za hina za mwaka jana, nyingine zinafunguka nusu, chini yake mistari ya rangi za ajabu. Folda mbili majina yake yamegeuka vijialama ambavyo hata Mchina hatovisoma. Jana yalikuwa majina ya watu!

Nimebadilisha waya. Nimechomeka tundu jengine. Nimetafuta mafunzo mtandaoni, nimempata kijana mmoja wa Kihindi, anazungumza mbio utadhani anafukuzwa. Kasema nianze na waya. Nshabadilisha waya, baba, sema jengine.

Mazin kaja kula mchana, ndugu yangu huyu pua yake haikosi panapopikwa. Kasikia. Kasema anamjua fundi kule Ng'ambo, bingwa, wako naye timu moja ya mpira, niitoe diski anipelekee. Nimemwambia hasha. Kaniuliza kwa nini. Kwa nini! Mtu kalelewa nyumba hii hii na hajui dada yake anafanya kazi gani.

Mie nawapiga picha wanawake wakiwa wamevua mabuibui. Ukumbini simu zote zinawekwa kapuni mlangoni, hata ya mama wa bibi harusi, kamera inayoingia ni yangu tu. Kila nyumba nawapa neno langu kabla sijawasha taa: picha haitoonekana na mwanamme. Ndo maana naitwa mimi. Wapiga picha wanaonishinda ufundi wako tele mji huu, ila wana ndevu.

Basi fundi wa timu ya mpira nimpe nini? Nimpe vichwa wazi vya wanawake wa nusu ya mji? Mazin kasema fundi hatazami, anatengeneza tu. Nimemwongezea wali anyamaze.

Jumatano, 6 Novemba 2024

Hamda kapiga simu. Moyo umenipasuka kabla hajasema kitu.

Mama yake, Bi Maisara, kafariki mwezi uliopita. Presha. Asubuhi kachemsha chai, adhuhuri hayuko. Mimi ndiye niliyepiga harusi ya Hamda, na siku ya singo, ya kumsugua bibi harusi kwa manukato, Bi Maisara alikataa asije mtu wa kumsugua binti yake, akakaa mwenyewe juu ya mkeka, nywele kaziachia, anamsugua mgongo na anamwimbia. Sauti ile! Nilikuwa nyuma ya kamera na machozi yananitoka. Baadae akaniambia nimtoe, yeye mtu mzima, asije akachekwa. Nikamtoa. Kwenye ile video niliyowapa hayumo ila mkono wake.

Sasa Hamda anamtaka. Kasema hana sauti ya mama yake mahali popote, hata kwenye simu, Bi Maisara hakuwa mtu wa kutuma sauti. Kasema, "Da Maha, si umeiweka ile uliyomtoa?"

Nimesema ninayo.

Nimekata simu nimekimbilia kompyuta. Folda yake ipo. Video ya singo nimeifungua, inakwenda! Bi Maisara huyo, anacheka, anaimba. Alhamdulillahi. Nimechomeka flashi niinakili hapo hapo. Imekwenda mpaka kati, ikasimama, kompyuta yote ikaganda. Nimejaribu tena. Inasimama pale pale. Mara ya mwisho nimesikia kitu ndani kinagonga. Tk. Tk. Kama mtu anabisha hodi kwa ukucha.

Nimeizima.

Alhamisi, 7 Novemba 2024

Ipo programu ndani ya kompyuta yenyewe ya kukagua diski na kutengeneza makosa. Kijana wa Kihindi kasema ndiyo dawa. Nimeiendesha asubuhi baada ya kumaliza vyombo. Imechukua kutwa. Mie napika, nakwenda kuichungulia, narudi jikoni. Imeandika makosa mpaka yamejaa kioo. Mama anauliza inaandika nini, nimemwambia inatubu.

Alasiri imemaliza, inasema imetengeneza. Nimefungua.

Folda ya Hamda haipo.

Haipo! Wala ya Kikwajuni, wala za mwaka jana zote. Badala yake ipo folda moja nisiyoijua, ndani yake vipande vipande, majina ni namba tu, hakuna kinachofunguka. Yarabi nimefanya nini mie?

Ijumaa, 8 Novemba 2024

Leo diski haifunguki kabisa. Nikiibonyeza, kompyuta inaniuliza, kwa adabu zote, kama nataka kuifomati. Yaani ifute kila kitu tuanze upya. Inauliza na kitufe cha "ndiyo" imeshanichagulia. Nimeondoa mkono juu ya meza kabisa, naogopa hata kupiga chafya.

Nimempigia Faiza. Tulisoma skuli moja, yeye kaendelea na kompyuta, sasa yuko Dar. Nimemweleza yote. Alipofika kwenye ile programu kanikatiza, kauliza nani kaniambia niiendeshe kwenye diski inayokufa. Nimesema kijana wa Kihindi. Kisha kasema inawezekana vitu bado vimo, programu imevichanganya tu, lakini nisiiwashe tena hata kidogo, kila nikiiwasha inazidi kujila. Niitoe, niiweke mahali pakavu. Atakuja mwenyewe akipata likizo, mwisho wa mwezi, na vyombo vyake. Faiza mwanamke, alhamdulillahi, na siri anaijua.

Jumamosi, 9 Novemba 2024

Nimeifungua kompyuta, Faiza ananielekeza kwa simu, bisbisi ya cherehani ya Mama mkononi. Nikaona mwenyewe.

Feni haizunguki. Imeganda kwa vumbi jeusi, linanata. Nimelinusa. Udi! Miaka yote Mama anafukiza chumba changu, Ijumaa ndo zaidi, ati kuwaondolea hasadi hao mabibi harusi waliomo ndani, na moshi wote umevutwa na feni. Tena kompyuta yenyewe naifungia kabatini, milango nimeirudisha, juu yake nimetandika kanga mbili asije mtu akachungulia. Faiza kauliza inapumulia wapi. Kasema imepikwa, hiyo diski, imepikwa taratibu kama biriani.

Nimecheka, kisha nimelia. Nimeificha mpaka nimeiua.

Nimeitoa. Nimeifunga kanga, nimeitia kwenye sanduku la Mama, ufunguo nimempa yeye. Nimemwambia, Mama, hii asiiguse mtu. Kasema, "Nshasikia."

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Hamda kaja. Kakonda. Kakaa hapa kitandani kwangu na ikabidi nimwambie: diski mgonjwa, asubiri mwisho wa mwezi.

Hawezi kusubiri. Khelef, mumewe, kapata kazi Maskati, wanaondoka wiki ijayo, na kurudi hajui lini. Kasema usiku anajaribu kuukumbuka wimbo na maneno yanamtoka. Alilia, kilio cha kujizuia, mabega tu ndo yanakwenda. Mama kaja kumkumbatia na yeye akaanza. Sote watatu, kompyuta iko wazi mezani, matumbo nje.

Mazin alikuwepo sebuleni, alisikia yote. Hamda alipoondoka kasema, "Da Maha, huyu mtoto wa watu utamwacha aende hivi hivi?"

Nimempandishia sauti mpaka jirani kafunga dirisha. Nimemwambia ile si mali yangu wala ya Hamda peke yake, mna wanawake mia ndani mle waliovua nguo zao za stara kwa kuniamini mimi. Kasema yeye anamfikiria mmoja anayelia. Kavaa viatu kaondoka hata chai hakumaliza. Mama anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Jumatano, 13 Novemba 2024

Nnakwenda Kiembe Samaki, harusi ya siku mbili, nitalala huko huko. Nimeazima kompyuta ndogo ya Fathiya, mshonaji wetu wa magauni. Sikutaka kwenda. Mwanamke nikimpiga picha sasa nahisi namdanganya. Mama wa bibi harusi kaniuliza kwa simu, video zetu ziko salama kwako? Nimesema, inshaallah. Zamani nilikuwa nasema ndiyo.

Ijumaa, 15 Novemba 2024

Nimerudi. Subhanallah. Sijui niandike vipi.

Kompyuta nimeikuta mezani imefungwa, nati zake zote, imepanguswa. Nimedhani Mama kaifutafuta vumbi. Nimeiwasha tu, bila nia. Diski ya pili hiyo hapo! Folda zote na majina yake. Kikwajuni. Hina za mwaka jana. Nimebonyeza ile ya bibi harusi aliyeganda — ananyanyua mkono, anaushusha, anacheka, anakwenda zake. Nimebonyeza folda ya Hamda. Bi Maisara huyo, na mkeka wake. Wimbo wote, mwanzo hadi mwisho.

Nimesujudu. Wallahi nimesujudu pale pale chini na buibui langu la safari.

Nilipoinuka ndo akili ikanirudia. Diski niliifungia sandukuni. Hapa kaiweka nani? Na mbona haina sauti? Ile yangu ilikuwa inakoroma hata ilipokuwa nzima. Nimechukua bisbisi, nimefungua ubavu. Diski mpya. Inang'ara, karatasi yake haijachubuka hata pembe.

Hii si diski yangu.

Nimemwita Mama. Kaja anajifuta mikono na hanitazami. Nimeuliza ufunguo kampa nani. Kasema mtoto wa watu anasafiri, na marehemu alikuwa shoga yake, walicheza pamoja tangu wakiwa wadogo, angekutana naye akhera amwambie nini. Kasema Mazin kamwapia kuwa fundi hatazami. Nimemuuliza mara ngapi nilisema asiguse mtu. Kasema, Mazin si mtu, ni ndugu yako.

Sikuweza kumgombeza. Mama yangu mtu mzima, kakaa juu ya sanduku lake kama mtoto aliyevunja sahani. Nimempigia Mazin. Kasema yuko kazini, atapita kesho, na sauti yake ina furaha, anangojea nimshukuru.

Jumamosi, 16 Novemba 2024

Mazin kaja. Kaniletea mkate wa ufuta, eti tusherehekee.

Nimemkalisha. Nimemtaka anieleze moja baada ya moja, asiruke. Kaeleza, tena kwa raha. Fundi anaitwa Duni. Duka lake liko barabarani, kaunta, watu wanapita, kioo cha kompyuta kinatazama nje kwa sababu ndani giza. Kazi ya kuzitoa na kuzihamishia diski mpya imechukua siku mbili. Ilipokuwa tayari Mazin hakutaka kudanganywa, mafundi wengine wanakurudishia majina matupu ndani hamna kitu. Basi kamsimamia.

Kasema, na hapa kajipiga kifua kidogo, "Nlimwambia azifungue zote. Moja moja. Hatukuacha hata moja."

Nilikuwa nimeshika kisu cha mkate. Nikakiweka.

Nimemuuliza, zote? Kasema zote, mpaka mwisho, yeye na Duni, na jamaa wawili watatu wa barazani waliokuwa wanangojea simu zao. Kasema picha safi, nisifikirie, wala hakuna aliyesema neno baya. Watu wa heshima. Duni tena kamtambua Hamda, kwa sababu Khelef alisoma naye. Kasema tu, "Kumbe mke wa Khelef ana nywele zote hizi."

Mazin kanielezea hilo anacheka! Ndo ushahidi wake kuwa picha imetoka wazi.

Nimeuliza diski yangu ya zamani iko wapi. Kasema iko kwa Duni. Kasema kaiacha, huenda akatoa na yale machache yaliyobaki.

Astaghfirullah. Bi Maisara aliniambia nimtoe asije akachekwa, na mimi nikamtoa, na sasa kaangaliwa kaburini kwake na watu wanaongojea simu. Na wote wale. Mabibi harusi wangu. Mwalimu wa madrasa aliyecheza mpaka mtandio ukamdondoka. Namwona mmoja mmoja anapita mbele ya kile kioo.

Nilimfokea Mazin maneno ambayo sitayaandika. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajui kapigwa kwa nini. Kasema, "Lakini nimeiokoa, Da Maha." Ni kweli. Kaiokoa.

Nimemtuma arudi kwa Duni saa hiyo hiyo aniletee diski. Karudi mikono mitupu. Duka limefungwa, Duni kaenda shamba kwenye msiba, simu haipokei.

Jumapili, 17 Novemba 2024

Duka bado limefungwa. Nilikwenda mwenyewe asubuhi, nimesimama mbele ya lile komeo mpaka watu wakaniuliza namtaka nani. Barazani wamekaa vijana wanne. Mmoja kanitazama, kisha kamnong'oneza mwenzake. Labda si kitu. Labda nina doa usoni. Nimerudi nyumbani nimejifunika mpaka macho.

Nimekuta Hamda keshafika. Mama kampigia jana bila ya kuniuliza, kumpa habari njema. Kaja na Khelef. Khelef kakaa sebuleni na mie nimempeleka Hamda chumbani, nikafunga mlango, nikamfungulia.

Sitoyasahau. Alipoiona ile sura kashika kioo kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa anamfuatiza mama yake, midomo inakwenda, anayachukua maneno moja moja. Kairudisha. Kairudisha tena. Kanishika mkono kaubusu, kasema nimempa mama yake, Mungu anisitiri kama nilivyomsitiri.

Nilivyomsitiri! Nilitaka kumwambia. Nimefungua mdomo. Lakini alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu msiba, na nimesema nitamwambia akimaliza. Akimaliza tu.

Khelef kagonga mlango, kaita kutoka nje. Kauliza nani kaifanya kazi hii, anataka kwenda mwenyewe kumshukuru fundi kabla hawajasafiri, haifai kuondoka kimya kimya. Nimebabaika. Nimesema sijui, Mazin ndiye anayemjua. Ulimi wangu huu! Nilikuwa na majibu mia na nimetoa hilo.

Kashuka. Mazin yuko barazani kwetu, chini ya dirisha langu.

Hamda bado anatazama, kanipa mgongo, na mie nimechukua daftari hili niandike ili nisimtazame. Dirisha liko wazi. Wanasalimiana. Khelef anashukuru, Mazin anasema si kitu, si kitu. Wanacheka. Nimemsikia akilitaja jina la Duni na Khelef kasema aa, huyo namjua, tulikuwa darasa moja.

Nataka kuita, Mazin njoo. Nikiita Hamda atageuka. Hamda kairudisha pale mama yake anapoanza kuimba, kaongeza sauti, kaniambia, Da Maha, njoo usikie hapa.

Chini hawacheki tena. Namsikia Mazin anazungumza, anazungumza mbio, anarudia, fundi hatazami, fundi hatazami. Khelef simsikii.